Mchanga Usioona Jua

Habari ya kifo cha Bi Mwanaamina ilinikuta Chewele, nimesimama juu ya kisima kilichokataa kutoa maji, na Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huzuni. Ilikuwa hasira. Nilimkasirikia kwa kufa kabla hatujamaliza ugomvi wetu. Ugomvi huo ulianza mwaka niliopanga chumba kwake Kipini, nikiwa msichana aliyetoka chuoni juzi na shahada ya jiolojia, na tangu hapo tulikuwa tukiuendeleza kwa salamu. Kila aliyetoka Kipini kuja Hola, awe muuza samaki, awe mwalimu aliyepewa uhamisho, aliniletea maneno yaleyale: "Bi Mwanaamina akusalimu. Asema kitu chako kiko, uende ukakichukue." Kitu gani? Hakusema. Simu za mkononi zilipoenea nilimpigia mwenyewe. Nikamuuliza, "Bi, ni kitu gani hicho?" Akanijibu, "Wewe kuya tu, mwanangu. Mambo mangine hayasemwi simuni." Basi nikajua ni ile sufuria yangu yenye kifuniko chekundu, niliyoisahau jikoni kwake, na mimi si mtu wa kuvuka kaunti nzima kwa ajili ya sufuria. Isitoshe, sikuwa na hamu ya kuipita ile barabara mpya ya Kipini, maana najua imejengwa kwa mawe gani. Nilimwambia fundi afungashe mashine, nikaingia garini na tope langu miguuni.

Mwaka ule niliopanga kwake nilikuwa msaidizi wa Dakta Kalume, mtaalamu wa akiolojia, Mgiriama mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Tulikuwa tukichimba Pango la Nyuki. Lilikuwa ndani ya mwamba wa matumbawe, nyuma ya vilima vya mchanga, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kipini. Bahari iliwahi kufika pale zamani sana, kisha ikarudi nyuma na kuuacha ule mwamba umekaa peke yake nchi kavu. Ndani mlinuka popo na asali. Chini ya kinyesi cha popo kulikuwa na tabaka la majivu, chini ya majivu tabaka la makombe yaliyoliwa nyama yake, na chini zaidi, katika mchanga mwekundu uliopeperushwa mle na upepo, tulipata vipande vya mawe vilivyochongwa na shanga ndogo za ganda la yai la mbuni. Kulikuwa na watu mle. Waliwinda, walirina asali, walishuka ufukweni kuokota kombe, wakarudi jioni kutoboa shanga. Waliishi kabla Mpokomo hajapanda mpunga wake bondeni na kabla Muorma hajaleta ng'ombe wake kunywa mtoni, na kwa hiyo kabla hao wawili hawajaanza kuulizana nani alitangulia. Mimi ni Mpokomo wa Tarasaa, nimelelewa ndani ya swali hilo, na sikuficha furaha yangu siku niliposhika shanga ya kwanza. Nilitamani kuipeleka kwenye kila mkutano wa amani nikawaambie wazee wetu wote: nyamazeni, mmechelewa nyote.

Lakini ilitubidi tujue ni ya lini. Kontrakta wa barabara alikuwa ameuomba mwamba wetu ili aupasue mawe, na kamati ya ardhi ilikuwa imekaa Garsen kumsikiliza, katika chumba chenye feni isiyozunguka. Tulikwenda na shanga zetu. Mwenyekiti, mzee wa Kiorma mwenye sauti ya chini, hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinikera, kwa sababu ni rahisi kugombana na mtu mbaya. Aliiweka shanga moja kiganjani akaitazama kwa muda mrefu. "Dakta," akasema, "mimi nataka barabara. Mvua ikinyesha, mama mjamzito yetu nakufa kwa njia, hospitali hapana fika. Lakini kama hiyo pango ni zamani kweli, mimi sitaki kuvunja nyumba ya watu ya zamani. Hii shanga iko miaka ngapi?" Dakta akasema tunadhani ni maelfu. "Hapana dhani. Leta miaka. Pango bila miaka ni shimo tu." Akatupa muda mpaka masika yaishe. Tukileta miaka, mwamba utawekwa wakfu kwa makumbusho na kontrakta atatafuta mawe kwingine. Tusipoleta, baruti.

Watu wakisikia neno miaka hudhani kuna kijimashine unachokielekeza kwenye kitu kikakusomea umri, kama mizani ya duka. Hata vijana wanaokuja ofisini kwangu leo na digrii zao huniuliza hivyo, nami huwatazama mpaka waone haya. Njia ya kawaida ni mkaa: unachukua mkaa wa moto wa kale, maabara inakuambia mti ule ulikatwa lini. Lakini nungunungu walikuwa wamelichimba Pango la Nyuki kwa vizazi na vizazi, wakateremsha mkaa wa warina asali wa juzi mpaka kwenye shanga za kale, na wakapandisha wa kale juu. Dakta aliwatukana nungunungu hao kwa Kigiriama kila asubuhi, kwa adabu, lakini aliwatukana. Ikabaki mchanga wenyewe. Chembe ya mchanga iliyofukiwa gizani ni kama mtungi uliowekwa chini ya mchirizi: hujaa polepole, na ukijua kasi ya matone, ujazo wake utakuambia ulianza kukingwa lini. Jua ndilo linaloumwaga mtungi huo. Kwa hiyo unaweza kupima mchanga uliolala gizani tangu watu wale walipoukanyaga, ila ukiuanika juani hata kwa muda wa kunywa chai, mtungi umemwagika, na maji yakimwagika hayazoleki.

Tulichukua mchanga huo chini ya maturubai, kwa tochi iliyofunikwa nailoni nyekundu, tukiwa tumejifunika vichwa kwa ajili ya nyuki. Tulipigilia kipande cha bomba jeusi la plastiki ukutani mwa shimo kwa nyundo, tukakichomoa kimejaa, tukakiziba huku na huku kwa vifuniko, tukazungushia tepu nyeusi ya fundi wa stima. Jasho lilitiririka, nyuki walipata njia ya kuingia shingoni, na Dakta alikuwa akisema "taratibu, taratibu" kwa sauti iliyonifanya nitamani kumpiga na nyundo. Bomba la mwisho lilitoka tabaka la chini kabisa, chini ya shanga. Hilo niliona tepu haitoshi. Nikapaka gundi ya fundi bomba, ile ambayo ikishika imeshika. Dakta alipogundua alinigombeza njia nzima. "Umegundisha, Rehema! Watu wa maabara watafunguaje?" Nikamwambia, kwa msumeno. Akasema mimi ni mtu wa kuzidisha kila kitu, chumvi, maneno na gundi.

Mabomba hayo yaliwekwa chumbani mwangu, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye kufuli. Bado nakiona chumba kile vizuri kuliko hiki ninachoandikia. Kuta zake za chokaa zilikuwa zikimeguka na kuniangukia kichwani nikilala, dirisha lilikuwa dogo lenye mbao mbili, na kitanda cha kamba kilikuwa kirefu kwenda juu kiasi kwamba nilikipanda kwa kigoda. Chini yake nikapanga mabomba yetu, nikayafunika kaniki. Bi Mwanaamina alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, msusi wa mikeka, mwenye mdomo usiopumzika na mkono wa chakula ambao sijauona tena. Asubuhi nililetewa mkate wa mofa na chai ya tangawizi, mchana samaki wa kupaka na wali, na jioni, nikisema nimeshiba, kaimati. Alinichukua kama mwanawe tangu wiki ya kwanza, na alinichosha kama mama anavyochosha: kwa nini sijaolewa, kwa nini navaa suruali, kwa nini nywele zangu zina vumbi, hilo pango halina watu wengine wa kuliingia? Aliponiona nikisukuma mabomba chini ya kitanda akasimama mlangoni.

"Ni ni hini, mwanangu?"

"Mchanga tu, Bi. Wa pangoni. Hautakiwi kuona jua."

"Mtanga ukiona yuwa huwa ni?"

Nilikuwa nimechoka, nimeumwa na nyuki, na njaa inaniuma. Ningeweza kumweleza habari ya mtungi na mchirizi. Leo nawaeleza wanafunzi wa darasa la sita na wanaelewa. Nikasema, "Unakufa."

Ukuta wa chumba changu na wa jikoni ulikuwa mmoja, haufiki juu, na maneno ya jikoni yalipita bila kodi. Siku chache baadaye nilisikia Bi Mwanaamina akizungumza na binti yake Maimuna, aliyekuwa ameolewa nyumba ya pili na kushinda kwa mama yake kutwa nzima. Walikuwa wakikuna nazi. "Ati mtanga," Bi alisema. Maimuna akacheka. "Kwani pwani mtanga umekwisha, hata autukue pangoni?" Mbuzi ya nazi ikaendelea kukwaruza. "Tena aupata gizani, na tochi nyekundu. Asema haufai kuona yuwa, ukiuona hufa." Mbuzi ikanyamaza. "Mama," Maimuna akasema, "kitu kisichopenda yuwa, mimi sikitaki nyumbani." Na Bi akajibu, pole sana, "Nami yule mtoto namuona apungua." Nililala kitandani nikatabasamu. Nilidhani ni maneno ya nazi tu, ya kupitisha wakati.

Kupungua nilikuwa napungua kweli. Ilikuwa malaria, na mto uliileta. Mvua ilinyesha bara, Tana ikajaa, ikavunja kingo, na Garsen ikawa kisiwa. Dakta alikuwa amekwenda huko na gari kutafuta namna ya kusafirisha mabomba mpaka maabara. Barabara ikakatika nyuma yake. Yeye kule, mimi huku, na mabomba chini ya kitanda changu. Nilitetemeka mchana, nikaweweseka usiku, nikakataa samaki wa kupaka, jambo ambalo kwa Bi Mwanaamina lilikuwa dalili kubwa kuliko homa. Asubuhi moja Maimuna alinishika mkono akanipeleka zahanati, nikalazwa kwenye benchi, nikatundikiwa chupa ya maji. Nilisinzia pale hadi jua lilipoanza kushuka. Niliporudi, nikishika kuta za watu, nilisikia harufu ya ubani tangu kona ya msikiti.

Uani kulikuwa na mkeka mpya, mkeka wa harusi, ule aliokataa kuuza. Juu yake, katika jua kali, mchanga wangu ulikuwa umemwagwa mafungu mafungu, ukatandazwa kwa mkono mpaka ukawa mwembamba kama mtama unaokaushwa. Ulikuwa umenyunyiziwa marashi. Mwalimu wa madrasa, mzee mstaarabu aliyekuwa akinisalimia kila siku, alikuwa amekaa kwenye kiti akimalizia Yasini. Baadhi ya mabomba yalikuwa yameoshwa kwa sabuni na kuegemezwa ukutani yakauke. Mengine yalikuwa mikononi mwa watoto wa mtaa, wanayapuliza kama baragumu. Bi Mwanaamina aliinuka kunipokea, uso umelowa jasho, na furaha yake ilikuwa ya mtu aliyemtoa mwenzake kisimani.

"Nimeuanika, mwanangu. Umekufa. Sasa utapoa."

Sikumbuki yote niliyosema. Maimuna anayakumbuka. Najua nilipiga kelele kwamba jua limeua kila kitu, jua, jua, na kwamba watu waliolala gizani maelfu ya miaka amewaua yeye kwa mchana mmoja, maneno ambayo mbele ya mwalimu na majirani hayakusaidia hata kidogo. Najua nilisema asiguse kitu changu tena, chochote, mpaka afe. Mwalimu alifunga msahafu wake akaondoka. Bi Mwanaamina alisimama na chetezo mkononi, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ulikuwa ukifa, Rehema. Nikuatilie?" Nikaingia chumbani nikajifungia, hata mabomba sikuyahesabu. Na kesho yake homa ikakatika. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Zilikuwa dawa za zahanati, nilimwambia kupitia mlangoni, dawa, na maji ya chupa! Akanijibu, "Haya," jibu la mtu anayejua anachojua, akaniwekea uji kizingitini.

Nilifika Garsen kwa mashua hadi Ozi, na kutoka Ozi kwa mtumbwi, tukipita juu ya mashamba ya mpunga ya watu wetu, makuti ya vibanda yakichungulia majini. Dakta alikuwa hotelini akila chapati na maharagwe. Nilimwambia nikiwa wima. Aliuliza neno moja tu.

"Yote?"

"Yote."

Akaiweka chapati chini. Kisha akaichukua tena akaimaliza, polepole, akafuta vidole. "Basi," akasema. "Hukukusudia, naye hakukusudia." Laiti angenigombeza kama alivyonigombeza kwa ajili ya gundi! Tulikwenda kwenye kamati na shanga zetu na mawe yetu, na hatukuwa na miaka. Kurudi kuchukua mchanga mwingine hakukuwezekana; maji yaliposhuka shimo letu lilikuwa limebomoka kuta zote, na mwenyekiti alikuwa ametimiza ahadi yake kwetu. Sasa akatimiza ile ya mama wajawazito. Baruti tuliisikia tukiwa bado tunafunga mahema. Popo walitoka mchana kweupe wakazunguka juu ya vumbi, hawana pa kwenda. Mwaka uliofuata niliomba kazi ya maji, na tangu hapo nimekuwa mtu wa visima. Nimewapa watu wengi maji, sina malalamiko. Ila kila nikisikia vijana wetu wakirushiana maneno, nani mwenyeji na nani mkuja, na kila maneno yanapogeuka mikuki, huwa nawaza kwamba mimi nilikuwa na jibu chini ya kitanda, na likaanikwa juani kwa mapenzi. Kwa mapenzi! Adui ningemshtaki.

Nilifika Kipini wameshamzika Bi Mwanaamina, matanga yanaendelea. Barabara ni nzuri, siwezi kuisema vibaya. Niliipita kwa mwendo ambao mwaka ule tungeuota. Penye mwamba kuna bwawa la kijani, na mbuzi. Nyumba ni ileile, chokaa inaendelea kumeguka. Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini na Maimuna, sasa bibi mwenye mvi na magoti mabovu, alinishika mkono kama siku ile ya zahanati akanipitisha katikati yao mpaka chumbani kwa mama yake. "Fadhali umekuya," akasema. Akafunga mlango. Akafunga dirisha. Akatia kitambaa kwenye ufa wa dirisha. Nilitaka kumwambia nahitaji hewa, ndipo akafungua kasha, akatoa chini ya mikeka na leso za marehemu kifurushi cha kaniki nyeusi, akaniwekea mapajani. Kilikuwa kizito. Hakikuwa sufuria.

Niliifungua kaniki pembe moja tu, kwa vidole. Tepu nyeusi ya fundi wa stima. Chini yake alama nilizochora kwa msumari, mwandiko wangu wa ujanani, na kwenye vifuniko, ngumu kama jiwe, gundi.

"Lile lilikataa kufunguka," Maimuna alisema. "Tulilivuta na mwalimu mpaka tukatoka jasho. Mwalimu akasema, lisilofunguka lisilazimishwe, lifunikeni. Mama akalifunika. Kisha ukarudi, ukasema yale uliyoyasema."

"Mbona hakuniambia?" Nilikuwa nimeshapandisha sauti, matanga au si matanga. "Miaka yote hii! Neno moja tu, Maimuna. Angesema bomba, tu, bomba, ningekuja kwa miguu kutoka Hola!"

"Akwambie simuni kwamba ana utawi wako kashani? Watu wasikia?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli, nami nikakumbuka nimekaa kitanda cha nani. "Alikuita. Kila mtu alimtuma. Ulisema asiguse kitu chako mpaka afe, naye hakukigusa. Wala yuwa hakikuona. Kasha likifunguliwa, madirisha hufungwa kwanda, sote tukapapasa kama vipofu, tukatafuta leso za sikukuu gizani. Tumemteka mpaka mbavu zikatuuma." Akavuta kitambaa kilichotaka kuanguka dirishani, akakirudisha. "Ulipiga ukelele sana siku ile, Rehema. Alikusikia."

Nililia pale, nalia kwa ghadhabu, sijui jina jingine la kukipa kile kilio. Alidhani ni uchawi na akaulinda. Alidhani kilichomo humo kiliwahi kutaka kuniua, na akalala nacho chumba kimoja maisha yake yote yaliyobaki, kwa sababu kilikuwa changu na nilikuwa nimesema. Maimuna aliniletea maji, kisha akaniletea sufuria yenye kifuniko chekundu, ambayo nayo ilikuwepo, imejaa kaimati za matanga.

Nilimpigia Dakta Kalume kutoka chumbani humohumo. Amestaafu, yuko Malindi na kuku wake. "Dakta," nikasema, "unayakumbuka mabomba ya Pango la Nyuki?" Akasema, "Yaliyokufa." Nikasema si yote. Nilisikia kuku, na redio, kisha redio ikazimwa. "Lipi?" akauliza. "La chini kabisa. Nililoligundisha." Nilimuuliza kama bado linafaa, baada ya muda wote huo, na akanifokea, hatimaye akanifokea: "Rehema! Limekaa gizani maelfu ya miaka, litashindwa na kasha la Mswahili?" Nikamwambia lakini pango halipo tena, miaka ya nini? "Miaka ya watu," akasema. "Wao walikuwepo. Lete."

Nikaondoka mchana, kwa kuwa siwezi kuona vizuri usiku siku hizi. Kifurushi nilikiweka kiti cha mbele, nikakifunga mkanda kama abiria. Kwenye kizuizi cha kabla ya Garsen askari kijana aliniashiria nisimame. Alikagua buti, akakagua chini ya viti, akaifunua sufuria akala kaimati moja kwa ruhusa yangu. Kisha akaiona kaniki.

"Na hiyo, mama?"

"Mchanga."

"Mchanga gani unafungwa hivyo? Fungua nione."

Jua lilikuwa utosini. Sikuwa na barua ya maabara, sikuwa na kibali, na kitambulisho changu kinasema mimi ni mtu wa visima. Msumeno alikuwa nao fundi wa baiskeli pale pembeni, nilimwona akiutumia. Nikafungua kinywa nimweleze habari za matabaka na maabara, na kilichotoka ni jibu la msichana aliyechoka, neno kwa neno, na lote ni kweli.

"Mchanga tu, mwanangu. Wa pangoni. Hautakiwi kuona jua."

Mkono wake ulikuwa umeshaigusa kaniki. Akauondoa. "Umetoka wapi nao?"

"Kipini. Ulikuwa kwa marehemu, ndani ya kasha."

Alirudi nyuma hatua, akautazama mkono wake, akaufuta kwenye suruali. "Enda, mama," akasema. "Enda tu. Enda salama." Akainua kizuizi mwenyewe. Kwenye kioo nilimwona akinawa kwa maji ya chupa, mpaka kwenye viwiko.

"Asante, Bi," nikasema, kwa sauti ya mtu anayegombana. Nikapandisha vioo vyote, nikatandika leso yangu juu ya kaniki, na tukaendelea na safari, mimi na yeye na wale watu wa pangoni.